Mke ni Mrundi, pasi ya matembezi inaisha

SWALI: Mhariri, mke wangu ni Mrundi. Ndoa tulifunga msikitini Ujiji na cheti tunacho. Aliingia kwa pasipoti kupitia Manyovu, akagongewa miezi sita, na mwezi ujao inakwisha. Mtendaji wa kata anasema barua yake inatosha. Jirani anasema ndoa imeshamfanya Mtanzania. Nimsikilize nani? Tena anataka kufungua saluni ya kusuka.
Msomaji, Gungu, Kigoma

JIBU: Usimsikilize yeyote kati yao. Barua ya mtendaji inaonyesha mnakaa wapi, basi. Na ndoa haimpi mkeo uraia, inampa nafasi ya kuuomba tu. Akikubaliwa ataukana ule wa Burundi, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Hilo lisubiri.

La sasa ni pasi ya mtegemezi, na mwombezi wake ni wewe mume. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Mkikwama, nendeni ofisi ya mkoa. Andaeni barua yako ya maombi, nakala za pasipoti yake (ukurasa wa picha na ule wenye muhuri wa kuingia), picha ndogo, cheti cha ndoa, kitambulisho chako cha NIDA na hiyo barua ya mtendaji.

Faili nyingi hukwama kwenye majina. Kama mkeo alisilimu, huenda cheti cha ndoa kinasema Khadija na pasipoti inasema Claudine. Kwa afisa anayesoma karatasi, hao ni wanawake wawili. Kaapeni kwa wakili au hakimu, hati ya kiapo itaje majina yote mawili kuwa ni ya mtu mmoja, na iambatishwe tangu mwanzo, si baada ya kurudishwa. Herufi nazo zikagueni moja moja: majina ya Kirundi yakiandikwa kwa kusikia hupotea silabi. Karatasi yoyote ya Kifaransa itafsiriwe. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Anayetaka taslimu mkononi "faili litembee" ni kishoka.

Pelekeni ombi kabla muhuri haujaisha. Siku ikipita, mtaanza na kosa la kuzidisha muda kabla hata ombi halijaguswa.

Saluni, hapana. Pasi ya mtegemezi ni ya kukaa tu. Kuajiriwa kunadai kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi daraja B cha Uhamiaji: ofisi mbili, malipo mawili. Mwenye biashara yake huomba daraja A, lakini amri ya Julai 2025 iliwafungia wageni biashara kadhaa, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu na saluni, isipokuwa ya hotelini au ya watalii. Leseni ikiwa kwa jina lako na yeye ndiye anayesuka, bado anafanya kazi bila kibali.