Shangazi, nimebaki wa mwisho: nijitoe au niendelee?

*Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 43, ni mtunza ghala hapa Mwanza, nina mke na watoto watatu. Mwaka 2016 nilianza shahada ya biashara kwa masomo ya jioni. Wenzangu wote wamekwisha kuvaa joho, hata mdogo wangu ambaye mimi mwenyewe nilimshawishi ajiunge. Nimebakiwa na masomo manne, na Takwimu nimeifanyia sapu, yaani mtihani wa marudio, mara mbili bila kufaulu. Kila asubuhi huweka WhatsApp maneno ya wanamichezo, hasa ya Akhwari na ya Kipchoge, lakini siku hizi nikiyasoma naona yananisuta. Kazini wananiita "Mwanafunzi wa Kudumu". Madaftari nimeyafunga kwenye kiroba na kuyasukuma chini ya kitanda, na mke wangu, ambaye amekuwa akinilipia ada kutokana na biashara yake ya vitenge, hajui. Je, nijitoe nipumzike, au niendelee kujiumiza?*

*Wa Mwisho, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale pa kiroba, kwa sababu mtu aliyekwisha kuacha masomo kwa moyo mmoja huyatoa madaftari yake yakafungiwe karanga. Wewe umeyaficha, tena mahali ambapo mkeo akifagia kwa bidii kidogo tu atayakuta.

Nianze na hayo maneno unayosema yanakusuta, maana nadhani umeyapokea yakiwa yametengwa na mbio zilizoyazaa. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki tarehe 20 Oktoba 1968 katika jiji la Mexico, ambalo liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na misuli ya mgeni hukakamaa upesi. Karibu na kilomita ya 19, watu wakisukumana kugombea nafasi, alianguka, goti likaumia vibaya na bega likagonga lami. Alifungwa bendeji akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea, mara akitembea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limetanda, watazamaji wengi wamekwenda zao, akamaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, huku bendeji ikining'inia mguuni. Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, bali ilimtuma maili 5,000 kwenda kuzimaliza. (Hesabu ya maili tusiigombanie, kutoka kwetu hadi Mexico ni mbali zaidi ya hapo.)

Wengi wanaoyasambaza maneno hayo hulishika neno "kumaliza" na kulipita neno "kutuma", nami nadhani uzito wote uko kwenye hilo la pili. Akhwari hakujisifia ukakamavu wake wala hakuahidi kwamba safari nyingine atawaonyesha. Alisema kuna waliomtuma, na kwamba anawajibika kwao. Sasa nikuulize, mwanangu: wewe ulitumwa na nani? Si wale wa ghalani wanaokubandika majina, maana hao hawajakuchangia hata senti ya nauli ya daladala. Aliyekutuma ni mwanamke anayekunja vitenge kila jioni akitenga fungu la ada, na ndiye peke yake ambaye hujamwambia uko kilomita ya ngapi.

Wala sisemi kwamba ni lazima uendelee. Katika mbio zile zile za Mexico walianza wakimbiaji 75 na wakamaliza 57, na miongoni mwa waliotoka alikuwamo Abebe Bikila, bingwa wa Roma mwaka 1960, aliyeshinda miguu mitupu, na bingwa wa Tokyo mwaka 1964. Bikila alikuwa na ufa katika mfupa wa mguu, akaacha mbio baada ya takribani kilomita 17. Sijapata kusikia mtu mwenye akili akimwita mwoga. Hata Kipchoge wako, bingwa wa Olimpiki mara mbili katika marathoni, alisimama baada ya kilomita ya 30 kule Paris mwaka 2024 kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Alivua viatu, akawagawia watazamaji waliokuwa kando ya barabara, kisha akazungumza na waandishi wa habari waziwazi kwamba safari hii hakumaliza. Viatu vile hakuvifungia kwenye kiroba.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama una mfupa wenye ufa. Kama ada inakula chakula cha watoto, kama afya yako imedorora, au kama kazi uliyonayo sasa haihitaji tena shahada hiyo na moyo wako umehamia kwingine kwa dhati, basi jitoe, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupa pole na hongera kwa pamoja. Lakini katika barua yako sikuona hata kimoja kati ya hivyo. Niliona jina la utani, joho la mdogo wako, na somo moja la hesabu.

Na kuhusu hilo somo, hayo maneno mengine unayoyapenda, kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka, yalivuma kwa mbio za Vienna za tarehe 12 Oktoba 2019, Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Usichokiweka WhatsApp ni kwamba siku hiyo alikuwa na wanariadha 41 wa kumwekea kasi, waliopokezana kwa zamu wakimkinga na upepo, na gari mbele yao likimulika barabarani mstari wa kufuata. Ndiyo maana muda ule haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Mtu aliyeambiwa hana mipaka alikimbia akiwa amezungukwa na watu. Wewe umeingia kwenye Takwimu mara mbili peke yako, usiku, baada ya kutwa nzima ya kuhesabu magunia, halafu unashangaa upepo umekushinda.

Nadhani unajua ninakoelekea, na ninajua hutapapenda. Mdogo wako amelifaulu somo hilo hilo, tena si zamani. Kaka kuketi mbele ya mdogo wake na kuuliza maana ya mkengeuko sanifu ni jambo linalokwangua koo, na sitakudanganya kwamba ni jepesi. Hata hivyo ni jepesi kuliko sapu ya tatu, na bila shaka ni nafuu kuliko mwalimu wa kulipwa.

Kabla ya hilo, nenda chuoni wiki hii uombe taarifa ya matokeo yako yote, na uulize kama usajili wako ungali hai, kwa kuwa vyuo vingi huweka ukomo wa miaka ya kumaliza shahada na wewe umekwisha kukaa mingi. Usimwache mkeo alipe muhula mwingine kabla hujapata jibu hilo. Ukishalipata, keti naye mezani, watoto wakiwa wamelala, umwonyeshe karatasi yenyewe: masomo uliyofaulu, manne yaliyobaki, gharama zake na muda wake. Kiroba kitoe wewe mwenyewe kabla hajakikuta. Mkikubaliana kwamba mbio ziishie hapo, ziishie hapo. Mkikubaliana ziendelee, chukua masomo mawili tu kwa muhula na Takwimu iwe mojawapo, mpigie simu mdogo wako siku hiyo hiyo kabla aibu haijarudi, umwambie aje Jumamosi, na mama watoto awaandalie chai.

Nitasubiri barua yako ya pili. Jina la kuweka chini yake utachagua mwenyewe.

Shangazi