Mwanao ana karatasi ya kusoma likizo? Msomee kwa Kiswahili

Nimepata ujumbe wa dada mmoja aliyeko Louisville, Kentucky. Anasema: "Kaka, shule zinakaribia kufunguliwa na ile karatasi ya vitabu vya likizo haina hata mstari mmoja. Mtoto ananitazama mimi, na mimi Kiingereza cha kusoma sina. Nitamwambia nini mwalimu?"

Dada, kwenye simu nilikujibu kwa kifupi, lakini hili haliko kwako peke yako. Hapa Columbus, Ohio, Wabongo, Wakenya na ndugu zetu Wakongo tunaijua karatasi hiyo. Inatoka kwenye begi shule zikifungwa, tunaibandika kwenye friji, na Agosti tunaibandua nyeupe vilevile. Mtoto alitakiwa asome dakika 20 kwa siku na mzazi atie saini. Mzazi huyo yuko zamu ya usiku ghalani, au anawahudumia wazee kwenye nyumba zao. Nayajua hayo, nimo humo humo. Jibu langu ni moja: msomee kwa Kiswahili, uandike jina la hadithi kwa Kiswahili, utie saini. Kama karatasi imetaja vitabu maalumu, muulize mwalimu. Nyingi hazitaji.

Nasema hivi kwa sababu ya kijana wangu. Alipokuja huku alikuwa anasoma vizuri. Bibi yake Morogoro alishamfundisha ba, be, bi, bo, bu, na kwa Kiswahili mtoto akishika silabi amemaliza, maana kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa. Hapa akakutana na neno like, akasoma "li-ke". Make akasoma "ma-ke". Mwalimu akimtajia herufi e, yeye anaandika i, kwa kuwa e yao kwenye sikio letu ni i. Wakimtajia a, anasikia e. Karatasi zake zikawa zinarudi na alama nyekundu mpaka pembeni. Asiyejua atasema huyu hajui herufi. Alizijua sana, ila hakuna aliyemwambia kwamba hapa zimebadilishana majina.

Tukaitwa shuleni. Mwalimu wake wa wakati ule, simtaji na shule siitaji, akatushauri tuache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Mke wangu akaitikia kwa heshima. Mimi nilinyamaza hadi tulipofika kwenye maegesho, ndipo nikasema yote. Hadi leo jambo hilo likinijia barabarani naongea peke yangu kwenye gari. Yaani niongee na mwanangu Kiingereza changu hiki cha kuombea kazi, halafu bibi yake akipiga simu ajibiwe na nani?

Likizo ilipofika nikampeleka maktaba. Maktaba kuu ya Columbus iko mtaa wa Grant, jengo la tangu 1907, na juu ya mlango imechongwa kwamba ni wazi kwa wote. Wengi wetu tunaogopa faini. Columbus waliacha kutoza faini ya kuchelewesha vitabu tangu Januari 2017. Ukipoteza kitabu ndiyo unalipa. Kadi ni bure. Kiangazi wana shindano la kusoma kwa watoto, lina zawadi ndogondogo, na maktaba nyingi za umma nchi hii zina kitu kama hicho. Uliza ya mtaani kwako.

Vitabu vya Kiswahili kwenye rafu ni vichache, tusidanganyane. Kilichotuokoa ni African Storybook, mradi wa Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini, ulioanza 2014, wenye hadithi za watoto za kusoma bure kwenye intaneti, nyingi zikiwa kwa Kiswahili na Kiingereza pia. Tulianza na ya Kiswahili. Akishaijua hadithi, anacheka, anauliza maswali, ndipo tunafungua ileile ya Kiingereza. Hapo hapambani tena na mambo mawili kwa pamoja, kuelewa hadithi na kutegua maneno. Anajua mbuzi anaenda wapi, kilichobaki ni kuona Waingereza wamemwandikaje. Siku nyingine nilirudi kazini nimechoka, nikamsimulia Sungura na Fisi nimefumba macho, yeye akaandika alichokumbuka. Hiyo nayo niliitia kwenye karatasi. Nani atanikatalia?

Agosti karatasi imejaa majina ya Kiswahili. Mwalimu mpya aliitazama, akamwomba kijana asimulie mojawapo mbele ya darasa. Akasimulia. Kwa Kiingereza.

Sasa niwaambie wanaohamia Ohio. Jimbo hili lina sheria ya tangu 2012 kuhusu kusoma darasa la tatu. Mtoto asiyefikisha alama alikuwa anarudia darasa. Tangu 2023 mzazi akishauriana na mwalimu na mkuu wa shule anaweza kuomba mtoto aendelee huku akipewa msaada. Kijana wangu alivuka mwenyewe, bila kuhitaji huruma ya sheria. Naomba mnivumilie, hili nitalisema mpaka nizeeke.

Watu watakwambia likizo inawarudisha watoto nyuma. Mwaka 1996 mtafiti Harris Cooper na wenzake walijumlisha tafiti nyingi wakaona wastani wa hasara ni kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu inaumia kuliko kusoma. Wengine wamevibishia vipimo vile baadaye. Mimi sihitaji utafiti kujua kwamba mtoto anayekaa na tableti tangu Juni hadi Agosti anarudi shuleni mzito. Msomee kila siku. Ukikosa leo, msomee kesho. Hujui Kiingereza, soma Kiswahili. Husomi kabisa, simulia, kwani wazee wetu walitulea na nini? Na wewe baba unayejua matokeo yote ya Simba na Yanga kutoka maili elfu nane, huna dakika 20?

Kuhusu vifaa vya shule sina mengi: penseli, gundi, tishu, fuata orodha ya shule, na hapa Ohio subiri siku za Agosti ambazo hawatozi kodi ya mauzo.

Cha kushika ni fomu. Unapomwandikisha mtoto utaulizwa nyumbani mnaongea lugha gani. Wapo wanaoandika Kiingereza wakidhani wanamlinda mtoto. Andika Kiswahili. Atapimwa Kiingereza chake, na akionekana anahitaji atapata mwalimu wa kumsaidia lugha bila malipo. Ukiona huduma ile haimfai, una haki ya kuikataa. Mkutano wa wazazi nao, usiende na mtoto akutafsirie, maana atatafsiri anayotaka wewe uyasikie. Shule ya umma inatakiwa kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa, na hilo linatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Omba mkalimani mapema, kwa maandishi.

Dada wa Louisville, bado una siku chache. Anza leo usiku na hadithi moja, jaza mistari uliyosoma kweli, mingine iache wazi. Na wakikwambia mkalimani wa Kiswahili hayupo, niandikie tena.