Mnara wa Hanoi: hesabu visahani kabla hujagusa

Wengi wanaokwama kwenye Mnara wa Hanoi, mchezo wa kuhamisha visahani kati ya nguzo tatu, huharibu hatua ya kwanza kabisa: wananyanyua kisahani kidogo na kukitia nguzo yoyote. Hapo ndipo mnara wote unapoamuliwa utaishia wapi.

Mchezo huu aliutoa Mfaransa Édouard Lucas, mwanahisabati, mwaka 1883. Nguzo ni tatu, A, B na C, na mnara wa visahani umepangwa kwenye moja, kikubwa chini; lengo ni kuupeleka wote nguzo nyingine. Unahamisha kisahani kimoja kimoja, na kikubwa hakikai juu ya kidogo.

Tuseme vipo visahani vitano, vitoke A viende C. Anza kufikiri kutokea chini. Kile kikubwa kabisa hakiendi C mpaka vinne vya juu yake viwe vyote B. Kwa hiyo unahamisha vinne, halafu kikubwa, halafu vinne tena: 15 + 1 + 15 = 31. Kila ukiongeza kisahani, zidisha kwa mbili uongeze moja: 1, 3, 7, 15, 31, 63. Njia fupi zaidi haipo, maana kikubwa hakina pengine pa kupita.

Mikononi, fanya hivi. Idadi ikiwa witiri, kidogo kabisa kiende kwanza C. Ikiwa shufwa, kiende kwanza B. Baada ya hapo kidogo kinakwenda zamu moja ndiyo, moja siyo, kikizunguka upande uleule bila kugeuka. Kwa witiri ni A, C, B, A. Zamu isiyokuwa yake, hatua halali bila kukigusa kidogo ni moja tu, huna haja ya kuchagua. Kwa vitano, kidogo hutembea mara 16, kinachofuata 8, kisha 4, 2, na kikubwa 1.

Jipime baada ya hatua ya 15. Ukiona vinne vimekaa C, ulianza vibaya, na mnara utaishia B.

Walimu wa skuli, msisubiri kununua. Vipande vya mbao kwa seremala yeyote wa Mwanakwerekwe, Unguja, au Chake Chake, Pemba, vinatosha. Kata visahani vya upana wa sentimita 3, 4, 5, 6 na 7. Nguzo ziachane sentimita 9, ili vikubwa visigusane. Kijiti cha nguzo kiwe na unene wa milimita 8, na tundu la kisahani 10. Tundu likibana, mtoto anavuta na mnara mzima unanyanyuka. Piga msasa ndani ya tundu pia. Waanzeni kwa vitatu, hatua 7, na wazihesabu kwa sauti.