Mhubiri anataka niache kiti changu nyumbani

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni fundi wa simu, nina mke na watoto wawili, tunaishi Umoja, Nairobi. Mwaka 2021 nilikuwa abiria wa bodaboda pale Outer Ring Road, lori likatugonga, uti wa mgongo ukaumia. Tangu hapo miguu haina hisia na natumia kiti cha magurudumu. Kanisa letu limekodi ukumbi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, kwa hiyo kila Jumapili vijana hunibeba mimi na kiti. Ofisi tu ndiyo iko chini, karibu na lango.

Juzi tulikuwa na mhubiri mgeni. Alisoma Marko 2, yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia dari. Akaniita mbele, akaniwekea mikono, akapaza sauti: "Ondoka, ujitwike godoro lako!" Nilijaribu, sikuweza. Akawageukia watu, akasema muujiza huzuiwa na mgonjwa mwenyewe, na kwamba kiti hiki ni ushahidi kuwa nimekubali kushindwa. Ameagiza Jumapili ijayo nikiache nyumbani, niletwe juu ya godoro, nije na mbegu, yaani sadaka ya kuombea muujiza, ya shilingi elfu tano. Mke wangu halali. Anaogopa tukikataa tutakuwa tumemkosea Mungu. Mchungaji wetu hajasema lolote. Je, imani yangu ndiyo ndogo?
Msomaji, Umoja

JIBU: Ndugu yangu, asifiwe. Kiti usikiache. Hilo nalisema kwanza kwa sababu Jumapili iko karibu. Mtu asiye na hisia kiunoni kwenda chini akilazwa kwenye godoro jembamba ibada nzima, hajui ngozi inapoanza kuharibika. Kidonda atakuja kuonyeshwa na mkewe wakati wa kuoga. Vidonda vya namna hiyo huchukua miezi kupona, na vikiingiwa na maambukizi huua. Nina hakika hospitalini ulifundishwa kujiinua kwenye kiti mara kwa mara ili damu ipite. Endelea hivyo, hata maombi yakiwa yamepamba moto.

Mbegu nayo usipande. Someni Marko 2 yote, wewe na mama watoto, muone kama kuna mgonjwa aliyedaiwa chochote. Mtu wa fedha katika sura ile ni Lawi mtoza ushuru, naye aliitwa akaiacha meza yake.

Sasa kisa chenyewe. Nimefundisha somo la dini katika shule za Eastlands mpaka nikastaafu, na kila darasa nililolisomea habari hii liliuliza jambo lile lile: paa lililipwa na nani? Watoto waliokulia nyumba za kupanga wanamjua landilodi kabla ya kuwajua mitume. Marko hasemi. Ila nyumba za Kapernaumu, mji wa kisa hiki, tunazifahamu kiasi, maana magofu yake bado yako kando ya Ziwa la Galilaya: kuta za mawe meusi ya volkano, na juu yake paa la boriti, matawi na udongo. Luka anataja matofali ya juu. Kwa vyovyote lilikuwa paa la kufukuliwa kwa mikono, na mavumbi lazima yaliwamwagikia waliokuwa chini, wakiwemo waandishi, wale walimu wa sheria, na kanzu zao.

Waliofukua ni watu wanne. Mgonjwa mwenyewe hajasema neno kuanzia mwanzo wa kisa hadi mwisho wake. Hakukiri kitu, hakupanda kitu, hakuulizwa kama anaamini. Andiko linasema: "Naye Yesu, alipoiona imani yao, akamwambia yule mwenye kupooza, Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Imani iliyoonekana pale ni ya wabebaji. Wapo wafasiri wanaomhesabu mgonjwa pamoja nao, nami sina ugomvi nao. Hata hivyo anabaki mmoja kati ya watano, na ndiye pekee ambaye hakuwa na kazi ya kufanya. Mhubiri wenu amechukua mzigo wa wale wanne akautwika mgongo uliovunjika.

Tazama pia mpangilio wa maneno. Kabla ya kuambiwa ainuke, yule mtu aliitwa "Mwanangu" mbele ya watu wote, angali amelala. Amri ya kujitwika godoro ilikuja baadaye, waandishi walipokuwa wakinung'unika mioyoni kwamba nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu. Yesu anasema waziwazi anafanya hivyo wapate kujua kwamba Mwana wa Adamu anayo amri ya kusamehe. Waliokuwa wakipimwa imani mle ndani walikuwa wenye afya, waliokaa viti vya mbele. Wewe uliitwa mbele ukasimangwa. Hilo halimo katika Marko 2, nami nakataa liitwe mahubiri ya Marko 2.

Mkeo anaogopa. Msomee 2 Samweli 9, polepole, mpaka mstari wa mwisho. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani na mjukuu wa mfalme Sauli, alianguka akiwa na miaka mitano, yaya akikimbia naye, akalemaa. Daudi alimrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake siku zote, na sura inafungwa kwa kusema alikuwa kiwete miguu yote miwili. Hakuna aliyemwambia arudi kwenye meza ile akishapona. Kisha kuna Trofimo, mwenzake Paulo wa safari, ambaye Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, na habari hiyo ikaandikwa kwa mstari mmoja bila kumlaumu mtu. Mimi naamini Mungu huponya, na siwezi kumwambia mtu yeyote aache kuomba. Omba. Omba ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Lipo jambo hukuliuliza, na ndilo lililonikaa rohoni niliposoma barua yako: ghorofa ya tatu. Kanisa limekaa na kisa cha watu waliotoboa paa ili mmoja wao afike, nalo halijawahi kufikiria kukodi ukumbi wa chini. Vijana wanaokubeba ni wema, Mungu awabariki, lakini akiteleza mmoja kwenye zile ngazi nyembamba mtaumia nyote. Na wapo ambao hawaji kabisa: mama mwenye magoti mabovu, mzee wa pumu, mjamzito wa miezi minane. Hao hakuna anayewabeba, na labda hakuna aliyeuliza wako wapi. Makanga wa matatu akikiona kiti cha magurudumu akagonga gari liondoke, tunalalamika sote; ngazi za kanisa nazo hazina tofauti. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni aibu kidogo kwamba kanisa likumbushwe haya na Katiba.

Basi usingoje Jumapili. Kamwone mchungaji katikati ya juma, nenda na mkeo na wawili kati ya vijana wanaokubeba, kwa sababu wao wanazijua ngazi kuliko mtu yeyote. Mwambie mambo mawili: kwamba uliumizwa mbele ya watu, na unataka yeye, si mgeni, aseme mbele ya watu hao hao kwamba haikuwa sawa, na kwamba ukumbi utafutwe chini, mkataba wa sasa ukiisha. La kwanza akilikataa, utakuwa umejua unalelewa na nani, na kuhama si dhambi. La pili mpe muda, kodi za Nairobi ni kodi za Nairobi. Mazungumzo yawe ofisini kwake, pale langoni. Huko anaweza kukupokea bila wewe kubebwa na mtu.