Muulize Mjomba: Pima Sakafu, Achana na Lita

*Shikamoo Mjomba. Nimepata mjusi chui mdogo, urefu wake sentimita 12 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Aliyeniuzia alinipa na tangi la kioo la sentimita 50 kwa 25, kimo 30, akaniambia litamtosha maisha yake yote. Rafiki yangu anayefuga nyoka kaliona akacheka, akasema nitafute la lita 180. Bahati nzuri kuna mtu anauza tangi la lita hizo hizo, ila limesimama wima: kitako ni 45 kwa 45, kwenda juu ni 90. Wakati huo huo nimesoma kwamba mjusi mdogo akiwekwa kwenye nafasi kubwa huingiwa na hofu, hali chakula. Nimsikilize nani? Na nikichukua hilo kubwa, naweza kumtafutia mwenzake asikae mpweke? — Msomaji njia panda*

Marahaba mwanangu. Hilo tangi la wima mwachie mwenyewe. Litamfaa mtu anayefuga vyura wa mitini au mijusi wanaoshinda matawini, si wewe.

Rafiki yako hayuko mbali na ukweli, ila amekupa kipimo cha samaki. Lita hupima maji, na mjusi chui ni mnyama wa chini. Vidole vyake vina kucha tu. Hana zile pedi za kunata walizo nazo mijusi wanaotembea darini kichwa chini miguu juu, kwa hiyo kioo hakipandi hata umbembeleze. Hebu shika kalamu. Tangi la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45 lina lita 182 hivi. Hilo la wima nalo lina lita 182 zile zile. Lakini sakafu ya la kwanza ni sentimita za mraba 4,050, na ya la pili ni 2,025. Nusu! Ungelipa pesa ya kizimba kizima ukapata nusu ya mahali pa kutembea, na juu yake hewa tupu. Hilo ulilopewa na muuzaji, kwa taarifa yako, lina sentimita za mraba 1,250.

Muuzaji sitamtukana. Hicho alichokupa ni karibu galoni 10, na kwa miaka mingi hicho ndicho kipimo kilichokuwa kikitajwa kwa mjusi mmoja. Baadaye watu wakapanda hadi galoni 20. Siku hizi wafugaji makini wanaanzia 90 kwa 45 kwa 45, na mimi nipo upande wao. Kama kweli nyumba haina nafasi, nitakuvumilia kwenye 75 kwa 45. Chini ya hapo usiniombe baraka.

Sababu yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, si kwamba mjusi anahitaji uwanja wa mazoezi. Ni joto.

Mjusi hana tanuri mwilini mwake. Asili yake ni nchi kavu zenye mawe mengi za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Mchana hujibana kwenye nyufa za miamba, giza likianza kuingia hutoka kuwinda. Akitaka kupata moto huenda kulalia jiwe ambalo jua limelichoma kutwa. Ukimzidi, anarudi ufani kwenye ubaridi. Maisha yake yote ni kuhama hama kati ya hali hizo mbili. Wewe unatakiwa uzipange zote chini ya mfuniko mmoja: upande wa joto, uso wa jiwe ufike nyuzi joto 32 hadi 35, upande wa pili ubaki kati ya 22 na 26.

Sasa jaribu kufanya hivyo ndani ya sentimita 50. Unawasha taa kona ya kushoto, jiwe linafika 33 kama unavyotaka, unahamisha kipimajoto kulia unakuta 29, pengine 30. Joto limejaa tangi zima. Unapunguza taa ili kulia kupoe. Kulia kunapoa kweli, lakini na jiwe nalo linashuka hadi 27, na mjusi asiyepata jiwe la moto la kulaza tumbo hasagi chakula vizuri. Unabaki unarekebisha taa kila siku, huku mnyama akiwa hana pa kukimbilia. Tangi la sentimita 90 linamaliza ugomvi huo, kwa sababu umbali wenyewe ndio unaopooza.

Kipimajoto kilaze sakafuni, kimoja kila upande. Ukikibandika katikati ya kioo kitakusomea hewa, na mjusi hatembei hewani. Taa au mkeka wa joto lazima vipitie kwenye thamostati, kile kifaa kinachokata na kurudisha umeme ili joto libaki pale ulipoliweka. Mkeka wa joto usiozidi theluthi moja ya sakafu unatosha. Ukitandaza chini ya tangi zima umeua ule upande wa baridi uliokuwa ukiutafuta.

Halafu kuna vyombo vya ndani. Mjusi huyu anahitaji mapango matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na moja la unyevu ambalo ndani yake unaweka makumbi ya nazi yaliyosagwa au karatasi ya shashi iliyoloweshwa, ili akijivua gamba ngozi itoke yote. Ngozi ikikaukia vidoleni hubana, na kidole hukatika. Pango liwe la kumkaa mwilini, mgongo uguse paa. Pango kubwa kupita kiasi halimpi amani. Ongeza bakuli la maji. Ongeza na kona ya choo, maana hawa wana adabu zao: huchagua kona moja na kuishikilia. Pima hivyo vyote kwenye 50 kwa 25 uone kama patabaki pa kuweka hata mguu. Kwenye tangi dogo choo kinaishia mlangoni mwa pango, na hapo ndipo anapolala.

Ukitaka kujua kama umepatia, kaa kimya mbele ya kizimba jioni moja taa za chumba zikiwa zimefifia. Kichwa kitatangulia kutoka. Atafumba na kufumbua macho taratibu, maana huyu ana kope, jambo ambalo geko wengi, yaani mijusi wa jamii yake, hawana. Atavuta mwili hadi kwenye jiwe, atabwaga tumbo na kutandaza miguu pande zote, atulie hapo kwa muda. Kisha atainuka mwenyewe, aende hadi mwisho wa pili, anuse kila kitu njiani kwa ncha ya ulimi, aingie pango la baridi. Huyo ana kizimba kinachomtosha. Asiyebanduka jiwe kutwa kucha, au asiyetoka pango la baridi wiki nzima, anakuambia kuna upande mmoja umeukosea.

Kimo cha sentimita 45 nacho hakipotei bure. Taa inapata umbali salama, tandiko la chini linaweza kuwa nene apate kuchimba, na unaweza kumjengea kilima cha mawe. Hupenda kupanda mawe kuliko watu wanavyodhani. Ila mawe mazito yakae moja kwa moja juu ya kitako cha tangi, ndipo umwage udongo kuzunguka. Ukiyaweka juu ya udongo, atachimba chini yake na yatamwangukia.

Tuje kwenye hofu ya mtoto kwenye nafasi kubwa. Uliyosoma yana chembe ya kweli iliyopewa sababu isiyo yake. Kinachomtisha mtoto ni uwazi, si ukubwa. Mweke mjusi wa sentimita 12 kwenye sakafu ya 90 kwa 45 yenye pango moja na bakuli, bila shaka atajikunyata na kugoma kula. Kwa macho yake kila hatua ni ya kuonwa na ndege. Sakafu hiyo hiyo ukiijaza magome, mawe, mimea ya bandia na mapango yaliyokaribiana, hata asiwe na zaidi ya hatua chache kabla ya kujificha, utamwona anatembea kama mwenye nyumba. Kwa muda huu mlishe kwa koleo au kwenye bakuli lenye kuta laini, ili nyenje wasipotelee kwenye magome ukadhani amekula.

Lile tangi dogo usilitupe. Litumie kumtenga kwa wiki za mwanzo: tandika karatasi ya jikoni, mapango madogo, maji, basi. Kwenye karatasi nyeupe utaona choo chake kila siku, na ukiona cha majimaji mfululizo utampeleka kwa daktari wa wanyama na sampuli mkononi. Akishaonekana mzima, anayekula na mkia unaonenepa, mhamishie kwenye kizimba chake cha kudumu. Hakuna haja ya kununua tangi la kati. Yai likianguliwa mtoto huwa na gramu 3 hivi, na ndani ya mwaka mmoja au mmoja na nusu anakuwa mtu mzima wa sentimita 20 hadi 25. Wa kwako keshaanza safari. Na akitunzwa huishi miaka 15 hadi 20, kwa hiyo nunua mara moja ulicho na hakika nacho.

La mwenzake, hapana. Ukubwa wa tangi hautibu jambo hili. Madume wawili watapigana hadi kukatana mikia. Dume na jike watakupa mayai mfululizo hadi jike akonde. Majike wawili ndio wanaodanganya watu, kwa sababu huonekana wamelala pamoja kwa upendo. Tazama vizuri utakuta mmoja kalala juu ya jiwe na mwenzake kasukumwa pembeni, na baada ya miezi mkia wa huyo wa pembeni umekuwa mwembamba. Mjusi chui hana upweke. Akiwa mkubwa geuza tumbo lake kwenye mwanga: dume ana mstari wa vitundu uliopinda kama V mbele ya tundu la haja. (Na hilo nalo ni kazi ya joto. Mayai yakiatamiwa kwenye nyuzi 26 hadi 28 karibu wote hutoka majike. Kwenye 32 hadi 33 wengi huwa madume.) Ukitaka wawili, nunua vizimba viwili.

*Mjomba, wangu ana miaka mitatu, yupo kwenye tangi la 75 kwa 45. Wiki mbili sasa kila usiku anasimama kwa miguu ya nyuma na kukwangua kioo kwenye kona ile ile. Nimeambiwa tangi limekuwa dogo. Ni kweli? — Mama Mjusi*

Dada yangu, kama tangi ni lile lile kwa miaka yote na tabia ina wiki mbili, kitu kilichobadilika ndicho unachopaswa kukitafuta. Anza na jiwe la upande wa joto, lipime. Taa huchoka na thamostati huharibika kimyakimya. Kisha zima taa za chumba, washa ya kizimba, uchuchumae usawa wake uangalie ile kona: mara nyingi kioo kinamrudishia picha yake mwenyewe, naye anaona mgeni. Bandika karatasi nyeusi nje ya kioo upande huo. Umehamisha kizimba? Umeweka kizimba cha mjusi mwingine jirani? Akiwa dume na ni msimu wa kutafuta jike, atakwangua hadi msimu upite, hata ukimpa chumba kizima.

Ukishakagua hayo yote na bado anakwangua, angalia sakafu ina nini. Vizimba vingi ninavyooneshwa vina ukubwa wa kutosha ila ni vitupu: pango huku, pango kule, katikati jangwa. Ongeza gome refu la kupita chini yake na rundo la mawe la kupanda. Kama hata hapo hatulii, basi ndiyo, ongeza sentimita.

*Je, sanduku la plastiki linafaa badala ya kioo? — Fundi wa nyumbani*

Linafaa, mradi urefu wa sakafu uwe ule ule. Punguzo la bei lisiwe punguzo la nafasi. Toboa matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana, karibu na juu, na usugue kingo zake zisimkwaruze. Tumia mkeka wa joto wenye thamostati, kihisio chake kikiwa sakafuni juu ya mkeka. Taa ya joto usiiweke juu ya mfuniko wa plastiki, utayeyuka.