Re: Kamera za nje nizifunge juu kiasi gani, na wifi inatosha?
Mkuu kwa kamera nne za nje mi nakushauri waya kabisa, zile za PoE, maana waya mmoja wa netiweki unabeba picha na umeme pamoja na unafika mpaka mita 100, wifi ukuta mnene tu unaisumbua na inaweza kukata usiku ndo unaihitaji. Urefu wa kuzifunga toka chini mita 2.5 hadi 3 hivi, wengi wanazipandisha juu sana kwenye kona ya paa halafu mwizi akija wanaona kofia tu, sura hamna. Alafu kitu kingine, ukiibana kamera karibu sana na ukuta ule mwanga wake wa usiku unagonga pale unarudi kwenye lenzi, picha inakuwa nyeupe yote, kwa hiyo isogeze mbele kidogo, utando wa buibui nao futa mara kwa mara. Chukua zenye IP66, yaani alama ya kuzuia vumbi na maji, kwa ajili ya mvua. Na tafadhali sana badilisha paswedi iliyokuja nayo siku hiyohiyo, familia yako isije ikaangaliwa na watu usiowajua. Kabla hujatoboa ukuta mtu akushikie kamera pale, ucheki picha kwenye simu mchana na usiku.