Menyu ya diski haitokei kwenye Kodi

SWALI: Nikiweka diski ya Blu-ray, Kodi (programu ya kuchezea video) inarukia filamu moja kwa moja. DVD nilizonakili kwenye kompyuta nazo zinacheza bila menyu. Tatizo liko wapi?

JIBU: Hayo ni matatizo mawili. Kwa Blu-ray, ingia kwenye mipangilio ya kicheza, sehemu ya diski, uchague menyu ya diski badala ya filamu kuu. Ikigoma, kagua Java, programu ya ziada inayowekwa kwenye kompyuta ili kuendesha programu nyingine. Menyu nyingi za Blu-ray ni programu ndogo za Java, kwa hiyo bila Java hazifunguki. Kodi ya biti 64 inataka Java ya biti 64. Wengi hukwama hapa, wakiapa kwamba Java wanayo, kumbe ni ya biti 32.

Tatizo la DVD ni jepesi zaidi. Yaelekea unafungua faili za VOB, ambazo zimebeba picha na sauti. Mpangilio wa menyu na sura umo kwenye faili za IFO. Fungua VIDEO_TS.IFO, au nakili diski nzima iwe ISO, yaani faili moja lenye kila kilichomo kwenye diski. Zile ulizokwisha kugeuza kuwa MKV (faili la video lisilo na menyu ya diski), menyu ndiyo imekwenda hivyo: itabidi unakili upya.